Ndugu wa Ziwa

Ukimuuliza Hasina ni siku gani ya wiki inayomchosha kuliko zote, hatakawia kukujibu. Atakwambia Ijumaa. Si kwa sababu ya jiko, maana jiko amelizoea, na wali wa watu watatu haujawahi kumlaza mtu kitandani. Ijumaa inamchosha kwa sababu ndiyo siku anayokuja Yazid kula chakula cha mchana, na miaka thelathini ya kumpakulia wali mwanamume unayempenda huku ukimwita kaka si mchezo.

Yazid alikuwa nduguye wa ziwa. Ndivyo alivyosema baba yake Hasina, Mzee Marhoon, mwaka ule Yazid alipoleta posa: kwamba huko Nzega, Tanganyika, Yazid alipofiwa na mama siku aliyozaliwa, Bi Aliya, mama yake Hasina, alimchukua akamnyonyesha. Aliyenyonya ziwa la mama yako ni kaka yako, na kaka hamuoi dada yake. Posa ikafa siku ileile. Hasina alikuwa na miaka ishirini na minne, Yazid ishirini na saba.

Na tazama mambo yalivyo. Msichana mwingine akikataliwa mchumba, basi mchumba huondoka, na macho yasipoona moyo hupata pa kupumzikia. Hasina hata hilo hakulipata. Kwa kuwa Yazid alikuwa kaka, nyumba yao ya Bustan, huku Maskati walikohamia wote, ikawa wazi kwake. Aliingia bila hodi, akamwona kichwa wazi, akamshika mkono kumwamkia. Hasina alipewa kila kitu cha Yazid isipokuwa Yazid mwenyewe. Yazid alioa, akazaa, akafiwa na mkewe Ghadeer miaka minne iliyopita, na Ijumaa hakukosa hata moja. Hasina hakuolewa. Alimuuguza mama mpaka akamzika, sasa anamuuguza baba.

Ijumaa hiyo Yazid aliingia kama kawaida, akavua makubadhi mlangoni, akambusu Mzee Marhoon kichwani. Alikuwa amepitia ghalani kwake Rusayl anakouza chakula cha mifugo, na kanzu yake ilinukia pumba. Hasina aliipenda harufu ile, akajikaripia, akaenda kuleta sinia.

Walikula kwa utulivu. Mzee alikula vijiko vinne vya wali na kipande cha samaki, akasema yatosha, akajilaza kwenye godoro lake pale pale ukumbini, akafumba macho. Hasina akawamiminia chai wawili waliobaki, yaani Yazid na nafsi yake.

"Hasina," Yazid akasema, akikizungusha kikombe mkononi. "Nna neno."

"Sema."

"Mwanangu Fajr kanishikilia. Ati nyumba haikai bila mwanamke, ati yeye ana mume na watoto, hawezi kila siku kuja kunifulia." Alijaribu kucheka. "Pana mjane Qantab, jina lake Bi Shatha. Watu wake wa Unguja, kama watu wa mama yetu."

Hasina alilishusha birika polepole.

"Kheri," akasema.

"Nnataka wewe uende ukamuone. Ukazungumze na wanawake wenzio kabla mie sijapeleka wanaume. Wewe wajua, dada ndiye anayetangulia. Sina mwengine."

Hapo ndipo Hasina alipoona kwamba dunia haijaishiwa na vituko. Kumpakulia wali hakutoshi. Sasa aende yeye mwenyewe, na mafuta mazuri na boksi la halwa, akamtafutie mke.

"Lini?"

"Jumatatu, baada ya alasiri. Ntakuja kukuchukua."

"Haya."

"Haya tu?"

"Ulitaka nipige vigelegele?"

Yazid akainua macho. Yalikuwa macho yaleyale ya miaka yote, ila yamezungukwa na mikunjo, na ndevu zilizokuwa nyeusi zimekuwa za kijivu hadi shingoni. Akamtazama kwa kituo, kama mtu anayesoma barua aliyokwisha kuisoma mara nyingi. Hasina akamwacha amtazame. Alikuwa amechoka kugeuza uso.

"Wamtaka huyo mwanamke?" akamuuliza.

"Nimechoka kula peke yangu."

"Sikukuuliza hilo."

"Ninayemtaka nilikwisha kumposa," Yazid akasema kwa sauti ndogo. "Na tulikubaliana hayo hatuyasemi."

"Basi usiyaseme."

"Siyasemi."

"Jumatatu, baada ya alasiri," Hasina akasema, akaanza kukusanya vikombe. "Ntavaa lile baibui jipya, wasije wakasema dada wa bwana harusi hana nguo."

"Hasina, lete daftari."

Wote wawili waligeuka. Mzee Marhoon alikuwa ameinuka kwa kiwiko, macho wazi.

"Baba, hukulala?"

"Nina miaka tisini na sita. Nikilala mchana mtakuja kunizika. Lete daftari, tuandike."

Daftari hilo lilikuwa la habari za maisha yake. Tangu Ramadhani, Mzee alisema na Hasina akaandika, na Hatem, kaka mkubwa wa Hasina, ameahidi kulichapisha wajukuu wagawiwe sikukuu. Hatem alikuwa na sharti moja: kitabu kianzie Dar es Salaam, siku Mzee alipoingia kwenye Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni. Hayo ya nyuma, ya ng'ombe na mazizi, Hatem aliona hayana haja. Hapa Maskati baba yao anajulikana kwa jina la Mheshimiwa, na mheshimiwa hanukii samadi.

Hasina alikaa chini karibu na godoro, akafungua ukurasa. Kanga ilimteleza kichwani ikatulia mabegani, naye hakuishughulikia. Kulikuwa na baba na kaka tu.

"Tuliishia wapi?"

"Kwenye viatu."

"Nisomee."

Hasina akasoma kwa sauti ya kuchoka, kama mwalimu wa kipindi cha mwisho. "'Nilizaliwa Nzega, na mpaka nikafika miaka ishirini na saba kazi yangu ilikuwa kuchunga ng'ombe wa baba yangu. Nilichunga pamoja na Safwan bin Murshid. Tulilala zizini, tukila ugali kwa maziwa. Siku moja alikuja Bwana DC kwa habari ya josho la kuogeshea ng'ombe, akataka wafugaji waseme. Wazee wakanyamaza. Nikasema mimi. Baada ya miezi sita ikaja barua kwamba nimechaguliwa kuingia Barazani. Sikuwa na viatu. Safwan akauza ndama wake, tukaenda Tabora tukanunua. Usiku wa kwanza Dar es Salaam nililala navyo miguuni, nikiogopa nikivivua asubuhi havitaingia.'"

Yazid alitabasamu. Safwan alikuwa baba yake, na hadithi ya ndama aliisikia tangu utoto.

"Hatem anataka tuikate hii," Hasina akasema.

"Hatem hajui kitu. Iache. Sasa andika." Mzee alivuta pumzi, akaitoa. "Barazani nilikaa miaka mitatu kabla sijarudi Nzega, na wallahi katika mengi niliyoyasikia nilijifunza moja. Ukilikataa jambo la mtu kwa maneno yako, atakujibu kwa maneno yake, na pengine atakushinda. Lakini ukimwambia sheria imekataza, hana la kusema. Atainamisha kichwa, atakwenda zake. Umeandika?"

"Nnaandika."

"Andika kwamba ujanja huo nyumbani kwangu niliutumia mara moja. Hapa Maskati. Siku alipokuja Safwan kumposea mwanawe."

Kalamu ikasimama.

Nje, gari la jirani lilirudi nyuma likipiga kengele, na hakuna aliyelisikia. Yazid alikuwa ameshika kikombe kitupu, hakukiweka wala hakukinywa.

"Andika, mwanangu," Mzee akasema.

"Siandiki, Baba. Sema."

"Mama yako hakumnyonyesha Yazid." Alisema mara moja, kama mtu anayetua mzigo ambao shingo imeshindwa. "Hakuwa na maziwa. Ziwa lilimfanya jipu, hata Hatem mwenyewe alilelewa kwa kijiko. Alipoletwa Yazid, mama yako alimbeba mgongoni, akamwogesha, akalala naye, lakini alimpa maziwa ya ng'ombe. Tulikuwa na ng'ombe mmoja mpole tukimwita Kidoti. Mie mwenyewe nikimkama, mama yako akiyachemsha, akiyatia maji. Kijiji kizima kikimwona mtoto yupo mgongoni kwa Aliya, kikadhani ananyonya. Hakuna aliyeuliza."

"Baba yangu alijua?" Yazid akauliza.

"Hakujua. Ilikuwa kiangazi, nyasi zimekwisha. Safwan alikuwa amehamisha ng'ombe mbali, kwenye mabonde, miezi minne. Aliporudi alimkuta mtoto amenona. Hakuuliza alilishwa nini. Alishukuru tu."

"Na ulipomwambia ni ziwa?"

"Aliniamini. Akasema, kama ni ziwa basi ni ziwa, na akanishukuru tena."

Yazid akakiweka kikombe chini. "Baba yangu alikufa akikuombea dua," akasema. "Kila sala. Nilikuwa nikimsikia."

Mzee akafumba macho tena. 

Hasina alijitafutia hasira. Alijua kuwa ipo mahali fulani, hasira ya miaka thelathini lazima iwepo, lakini kila alipotia mkono alikuta uchovu tu. Aliona siku zake zimepangwa mbele yake: Ijumaa na Ijumaa, sinia na sinia. Aliona harusi ya Yazid na Ghadeer, na yeye, dada wa bwana harusi, akipokea wageni kwa marashi.

"Kwa nini, Baba?"

"Wajomba zako."

"Wajomba zangu walifanya nini?"

"Hawakufanya kitu. Walikuwa watu wa Unguja, watu wa mjini, na mie mtu wa bara. Walinipa dada yao kwa sababu walisikia nimekaa Barazani. Hawakujua habari za zizi. Safwan alijua. Safwan peke yake katika Maskati nzima ndiye aliyeniona miguu mitupu." Alitazama vidole vya miguu yake. "Nikasema, mwana wa mchungaji akiwa mkwe wangu, watu watauliza nasaba yake na tulikojuana. Wataulizana mpaka watafika Nzega. Nilimwonea haya mtu aliyeninunulia viatu."

"Na mama?" Hasina akauliza. "Mama alikubali kusema uongo?"

"Mama yako hakusema uongo hata siku moja. Nilimwambia, sikwambii useme, nyamaza tu. Akasema haya. Akanyamaza." Mzee alimtazama binti yake. "Wewe ulishawahi kumsikia akimwita Yazid mwanangu?"

Hasina akafikiri. Hakuwahi. Mama yake alimpenda Yazid, alimwekea nyama ya ubavuni, alimshonea kofia kwa mkono wake, lakini mpaka anakata roho alimwita mwana wa Safwan. Hasina alidhani ni majivuno ya kwao. Kumbe ndiyo njia pekee mama aliyokuwa nayo ya kusema kweli, na yeye bintiye, kila siku jikoni pamoja naye, hakuisikia.

"Nilimteremsha kaburini," Yazid akasema. "Mie na Hatem. Mliniita mkasema, njoo, wewe ni mwanawe."

"Alikulea," Mzee akasema. "Kwa kijiko, lakini alikulea."

"Mzee Marhoon." Ilikuwa mara ya kwanza kwa Yazid kumwita hivyo, siku zote alimwita Baba. "Siku zote hizi umenyamaza. Leo umesema kwa nini?"

"Nilikuwa nimefumba macho, nikakusikia unamtuma akakuposee. Nikamsikia akisema haya." Mkono wa Mzee ulipapasa shuka, ukitafuta kitu cha kushika. "Ilikuwa sauti ya mama yake. Ileile aliyonijibu nayo mie siku niliyomwambia anyamaze. Nikajiona nna wanawake wawili niliowafunga mdomo, mmoja nishamzika. Nimechoka, Yazid. Siwezi kwenda na hili huko ninakokwenda."

 Yazid aligeuza uso kumtazama Hasina, na Hasina akamwona akimtazama, na wote wawili wakatambua jambo moja kwa wakati mmoja.

Hasina alikuwa kichwa wazi.

Kwa miaka thelathini Yazid alimwona nywele zikiwa nyeusi, akaziona zinaingia mvi, akaona mwaka Hasina aliopaka hina na mwaka alioiacha. Hakuna mwanamume mwingine nje ya baba na kaka aliyeziona. Sasa Yazid aliinamisha macho upesi, kama mtu aliyefungua mlango usio wake, akageukia ukutani. Masikio yalimwiva.

Hasina akaivuta kanga kutoka mabegani. Akajifunika, akaubana upindo chini ya kidevu. Moyo ulikwenda mbio kama wa msichana wa miaka ishirini na minne, jambo ambalo hakulitarajia na lililomtia aibu. Hakupata kujifunika mbele ya Yazid tangu siku ile ya posa.

Yazid akasimama. Hakumtazama tena.

"Nnakwenda," akamwambia ukuta.

"Yazid," Mzee akaita.

"Sipaswi kuwa hapa, Mzee. Mie si mtu wa nyumba hii."

Alivaa makubadhi mlangoni, akapoteza muda na moja lililokataa kuingia, akatoka. Mlango ukafungwa. Hasina akasikiliza, akingoja kusikia gari. Alilijua gari lile jinsi linavyowaka, kwanza hukohoa halafu huitika. Aliwaza: sasa ndiyo anaondoka kweli. Alipokuwa kaka hakuweza kunikimbia. Sasa hana linalomzuia.

"Nisamehe, mwanangu," Mzee akasema nyuma yake.

"Sijui, Baba. Niulize siku nyengine."

Gari halikukohoa.

Badala yake, mlango ukagongwa mara tatu, taratibu.

"Hodi."

Hasina akabaki kama alivyo. Kwa miaka yote hiyo thelathini hakuwahi kusikia neno lile katika sauti ile. Yazid aliingia nyumba ya Bustan tangu siku ile alipoitwa kaka, akaingia ikiwa na msiba na ikiwa na sherehe, akaingia akiwa na homa na akiwa na zawadi, wala siku moja hakupiga hodi.

Mzee Marhoon alimtazama binti yake. "Anabisha mtu," akasema. "Nimjibu nini?"

Kwa miaka thelathini hakuna aliyemuuliza Hasina hilo. Hata ile siku ya posa hawakumuuliza. Aliletewa jibu jikoni pamoja na vikombe vya kuosha.  Aliwaza miaka hamsini na minne yake, magoti yake yanayolia akipanda ngazi, na baba asiyeweza kuachwa peke yake. Aliwaza Bi Shatha wa Qantab, ambaye pengine tayari ameshaambiwa atengeneze ukumbi. Yote hayo yalihitaji nguvu, na Hasina hakuwa na akiba ya nguvu.

"Hodi."

Mara ya pili. Watu wote wa kwao wanajua hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu usijibiwe, unageuka unakwenda zako, na hakuna wa kukulaumu. Yazid alikuwa mtu wa kufuata adabu; angegeuka.

"Mwanangu," Mzee akasema. "Mie simjibu mpaka uniambie. Safari hii simjibu."

Hasina akasimama. Akaenda nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, pale wanapokaa wanawake wa nyumba anapoingia mwanamume wa kando, akajiweka sawa. Kwa uwazi wa pazia aliona mlango wa mbele, na chini yake kivuli cha miguu miwili iliyosimama.

"Muulize ni nani," akasema.

Mzee akakohoa, akasafisha koo. "Nani?"

"Yazid bin Safwan bin Murshid," sauti ikajibu. "Mwana wa mchungaji."

Uso wa Mzee ulikunjamana, na Hasina alidhani atalia. Hakulia. Alijiinua akakaa wima, miguu yake mitupu na myembamba ikagusa sakafu, akajibu kwa sauti ambayo Hasina alikuwa ameisahau, sauti aliyosema nayo mbele ya Bwana DC:

"Mie pia mchungaji. Una haja gani?"

"Nna posa."

"Ya nani?"

"Ya Hasina binti Marhoon. Ileile. Niliiacha hapa miaka thelathini, sikuirudisha nyumbani."

Hasina alilishika pazia. Machozi yalikuja yenyewe, bila kwikwi, na hakuyafuta kwa sababu hakukuwa na wa kumwona. Baba yake alimgeukia, akimngoja.

"Mwambie," Hasina akasema, akaubana tena upindo wa kanga. "Mwambie Jumatatu mie siendi Qantab."